Wastaafu wawili, mtumbwi mmoja, siku tano mto Current (Missouri): tuanzie wapi, tubebe nini?

Mstaafu_STL:

Habari za jioni wakuu. Nina miaka 67, mama watoto 63, tunaishi St. Louis, kazi tumeshaiaga. Tunataka kuanza safari za mtumbwi mtoni, za taratibu kabisa: kupiga kafi saa tatu au nne kwa siku, kufunga hema kando ya maji, chai, kulala, kesho tena. Kuogelea tunajua wote. Goti langu la kushoto ni la bandia, na yeye anatumia insulini. Watu wengi wanausifia mto Current, kusini mwa Missouri. Tuanzie wapi na tuishie wapi? Mwezi gani? Gari linatufikiaje mwisho wa safari? Tukodi mtumbwi mmoja au kayaki mbili? Na hasa: ni kitu gani huwaharibia safari ya kwanza watu wa umri wetu?

Pwani_hadi_Ozark:

Shikamoo mzee, shikamoo na mama.

Mto mmeuchagua vizuri, na sababu ni chemchemi. Mito mingi ya vilima vya Ozark hutegemea mvua. Ikifika Agosti maji yanakauka juu ya kokoto na mtu anaburuta mtumbwi badala ya kuupanda. Current unalishwa mwaka mzima na chemchemi kubwa zinazotoka chini ya miamba ya chokaa, kwa hiyo hata kiangazi kikikaza maji ya kuelea yapo. Mto huo pamoja na tawi lake la Jacks Fork umehifadhiwa na serikali kuu tangu 1964 kwa jina la Ozark National Scenic Riverways, jumla yake kama maili 134. Hakuna bwawa njiani, na wanaosafiri kwa mtumbwi wanaruhusiwa kulala kwenye fuko za kokoto, mradi wasiwe karibu na kambi rasmi wala sehemu za kushushia mitumbwi.

Njia ninayowashauri ni Akers hadi Two Rivers. Akers hadi Pulltite ni kama maili 10, Pulltite hadi Round Spring karibu maili 10 tena, Round Spring hadi Two Rivers kama 18. Jumla ni maili 38 hivi, yaani kilomita 61. Mkondo wenyewe ukisaidiwa na kafi la upole unawapa maili 2 hadi 3 kwa saa. Kwa hiyo siku ya kwanza fanyeni maili 5 tu, mlale kwenye ufuko mmoja karibu na Cave Spring. Hapo kuna pango ambalo mtumbwi unaingia mdomoni mwake, maji ni ya buluu nzito. Siku ya pili maili 5 nyingine hadi Pulltite, ya tatu maili 10 hadi Round Spring, ya nne na ya tano mnagawanya zile 18 zilizobaki. Ingieni majini saa tatu asubuhi, na saa nane mchana hema liwe limeshasimama. Anayefunga hema jioni huku amechoka ndiye anayejikwaa kwenye mawe.

Uzuri wa mpango huu ni Round Spring kuwa katikati, tena kando ya barabara kuu namba 19. Goti likikataa siku ya tatu, safari inaishia pale bila aibu na bila kuita uokoaji. Kwa mara ya kwanza msichague njia isiyo na mlango wa kutokea katikati.

Kuna watakaowaambia muanzie juu zaidi, Cedargrove, maili 8 kabla ya Akers, ili mpite Welch Spring na magofu ya hospitali ambayo daktari mmoja aliijenga pale akiamini hewa ya pangoni inatibu pumu. Ni pazuri kweli. Lakini juu ya Welch mto ni mwembamba na kina ni kifupi, na majira ya ukame mtashuka mara nyingi kusukuma mtumbwi juu ya mawe yanayoteleza. Kwa goti la bandia, hiyo iacheni kwa mwaka wa pili.

Msimu: baada ya Labor Day, mwanzoni mwa Septemba, hadi katikati ya Oktoba. Umati umeondoka, mbu wamepungua, usiku kuna ubaridi wa kulalia vizuri. Juni hadi Agosti nendeni Jumatatu hadi Ijumaa pekee, maana Jumamosi mto unajaa maboya ya kupuliza na redio. Mei ni kijani na maji ni mengi, ila ndio msimu wa dhoruba. Mwishoni mwa Aprili 2017 mto huu ulipanda hadi futi 37 kwenye kipimo cha Van Buren, ukavunja rekodi iliyokuwa imesimama tangu 1904. Kabla ya kuondoka angalieni kipimo cha maji cha Akers kwenye tovuti ya USGS, shirika la serikali kuu linalopima mito. Namba ya leo peke yake haitoshi, tazameni mstari wa siku saba: unashuka, umetulia, au unapanda? Ukiwa unapanda, ahirisheni. Mto hauhami.

Gari: wakodishaji wenye leseni ya hifadhi wapo kandokando ya njia yote hii. Wapeni kazi ya kupeleka gari lenu Two Rivers kabla hamjaanza, msikubali mpango wa kuja kuchukuliwa saa fulani. Mkifika mnalikuta gari lenu. Mpango wa kuchukuliwa unawafanya mpige kafi mkitazama saa, na hapo ustaafu unakuwa umeisha maana.

Njia ya barabara ni I-44 hadi Rolla, kisha Salem, kisha 19. Jazeni mafuta Salem. Baada ya hapo simu nyingi hazishiki mtandao, kwa hiyo mwacheni mwana au jirani na karatasi yenye majina ya vituo, siku ya kutoka, rangi ya mtumbwi, na muda wa mwisho ambao akiwa hajasikia kitu awapigie walinzi wa hifadhi.

La mwisho: mkiwa raia au wenye kadi ya ukaazi wa kudumu na mmetimiza miaka 62, kuna kadi ya wazee ya hifadhi za taifa, dola 80 kwa maisha yote. Kwenye kambi rasmi kama Pulltite na Round Spring mnalipa nusu.

Tezi_na_Omo:

Mtumbwi au kayaki: kwa goti la bandia, mtumbwi, bila mjadala mrefu. Kwenye kayaki unakaa chini karibu na maji, miguu imenyooka, na kutoka ni lazima uinuke kutoka sakafuni kwa nguvu ya mapaja. Kwenye mtumbwi unakaa kwenye kiti chenye urefu wa kiti cha jikoni kifupi, goti halikunjwi kupita kiasi, na unaweza kubadilisha mkao kila nusu saa. Tena mtumbwi wa futi 17 unabeba mzigo wa watu wawili kwa siku tano bila kuhangaika, na mmoja akichoka mwingine anaendelea.

Ubaya wake ni upepo na kelele za ndoa. Yule wa tezi, yaani nyuma, ndiye anayeongoza. Yule wa omo, yaani mbele, kazi yake ni kupiga kafi kwa mwendo uleule na kutaja mawe anayoyaona. Wote wawili wakishika usukani, mtumbwi unakwenda ubavu, na maji yakiukuta ubavu yanaugeuza. Amueni nchi kavu nani anakaa wapi. Mzito akae tezi.

Kuingia: msiingilie mtumbwi ukiwa omo imepanda kwenye kokoto na tezi inaelea. Ukikaa hivyo unayumba kama kiti cha mguu mmoja. Uwekeni wote majini, sambamba na ufuko, kwenye kina cha sentimita 20 hivi ambako maji hayakimbii. Mmoja asimame amebana ncha ya mtumbwi katikati ya magoti yake, mwenzake ashike kingo zote mbili kwa mikono, aweke mguu mzima katikati kabisa ya sakafu, avute mguu wa pili, akae. Wewe mzee tanguliza mguu wa kulia, huo ndio utakaobeba mwili. Kutoka, tanguliza huohuo wa kulia nje. Chukua mto wa povu wa kukalia, wenye unene wa sentimita 5. Kiti kikiinuka kidogo, goti linakushukuru.

Mizigo: vizito viende ngamani, yaani sakafuni katikati, na kitu chochote kisizidi kingo za mtumbwi kwa urefu, maana kinachochomoza kinashika upepo na matawi. Maji na boksi la barafu katikati, hema na nguo mbele kidogo, jiko na chakula nyuma. Ukiutazama mtumbwi kutoka ufukoni, tezi iwe chini kuliko omo kwa vidole viwili hivi. Omo ikizama zaidi, mtumbwi unakataa kunyooka. Nguo na matandiko yaingie kwenye mifuko isiyopitisha maji, ukunje mdomo wa mfuko mara tatu kabla ya kufunga. Mara moja haitoshi, na ndiyo sababu watu wanasema mifuko hiyo inavuja.

Chupa za kioo haziruhusiwi mtoni, hata ya pilipili. Boksi la barafu la povu jeupe nalo haliruhusiwi. Liwe gumu, lenye kufuli au mkanda. Na mfuko wa takataka ufungwe kwenye mtumbwi.

Mstaafu_STL:

Ahsanteni sana. Mtumbwi, basi, na mimi tezi. Yamebaki mawili: insulini ya mama kwa siku tano bila friji, na tufanye nini mtumbwi ukipinduka.

Muuguzi_KC:

Nianze na insulini. Kalamu inayotumika, kwa aina nyingi, inavumilia joto la kawaida lisilozidi nyuzi 30 za Selsiasi kwa siku kama 28. Soma karatasi ya aina yake, zinatofautiana. Kwa hiyo kwa siku tano tatizo si kukosa friji. Tatizo ni jua na barafu. Kalamu iliyoachwa kwenye mfuko mweusi juani ndani ya mtumbwi inaharibika, na iliyogusana na barafu ikaganda ni ya kutupa hata kama imeyeyuka na inaonekana safi. Tumieni kifuko kile kinacholowekwa maji na kupoa kwa mvuke, mkifunge chini ya kiti, kivulini, penye hewa. Msikitie kwenye mfuko usiopitisha maji, maana bila hewa hakipoi. Dozi ya akiba na sindano zikae kwenye mfuko mwingine tofauti. Mtumbwi ukipinduka na mfuko mmoja ukaenda na mto, mwingine unabaki.

Kupiga kafi kunashusha sukari, na kushuka huko kunaweza kuja usiku, saa nyingi baada ya mazoezi. Mama apime kabla ya kuingia majini, mchana, na kabla ya kulala, na kando ya godoro kuwe na juisi ya boksi na peremende. Wewe baba nawe ujifunze kutambua: jasho baridi, kutetemeka, kuongea kusikoeleweka. Mpango wa kupunguza dozi siku za kupiga kafi auweke na daktari wake kabla ya safari, asiupange mwenyewe ufukoni.

Miguu yake isiguse kokoto bila viatu, hata hatua tatu za kwenda kuchota maji. Aliye na kisukari anaweza asihisi mkato. Viatu vya maji vilivyofunika vidole, na kila jioni kagua nyayo kwa tochi.

Maji ya kunywa: lita 4 kwa mtu kwa siku pamoja na kupikia. Kwa watu wawili siku tano ni lita 40, yaani kilo 40, msibebe zote. Bebeni lita 16, mjaze tena kwenye mabomba ya kambi za Pulltite na Round Spring, ila ulizeni kwanza kama mabomba yamefunguliwa, maana msimu ukiisha huwa yanafungwa. Msinywe maji ya chemchemi hata yakiwa maangavu kama kioo. Ardhi ile ni ya chokaa yenye mashimo, na maji ya mvua kutoka malishoni yanapita humo bila kuchujwa na udongo. Chemsheni yachemke dakika moja kamili, au tumieni chujio.

Wanaomeza vidonge vya presha vya kutoa maji: kunywa maji hata kama huna kiu, na usisimame ghafla baada ya saa mbili za kukaa kwenye jua. Simama kwa vituo: kaa wima, subiri, inuka.

Kupe ni jambo kubwa kuliko nyoka katika eneo lile. Nyunyizieni nguo, viatu na hema dawa ya permethrini siku mbili kabla ya safari, zikauke. Ni jamii ya dawa inayowekwa kwenye vyandarua kule nyumbani. Kuna kupe ambaye jike lake lina doa jeupe mgongoni. Kuumwa naye kunaweza kuleta mzio wa nyama nyekundu: mtu anakula nyama ya ng'ombe au mbuzi, na saa mbili hadi sita baadaye anavimba, anajikuna, au anaishiwa pumzi. Missouri ni kati ya majimbo yenye kupe huyo kwa wingi. Kaguaneni jioni: kwapani, kinenani, nyuma ya magoti, kwenye mkanda wa suruali. Kumtoa ni kwa kibanio, ushike karibu kabisa na ngozi, uvute moja kwa moja. Usimpake mafuta, usimchome.

Tezi_na_Omo:

Kupinduka. Kwanza nieleze kwa nini mitumbwi inapinduka kwenye mto mpole kama huu, maana maporomoko ya kutisha hayapo. Inapinduka kwenye kona.

Maji yakifika kwenye kona yanakimbilia ukingo wa nje. Yanaula udongo, miti inapoteza mizizi, inaangukia mtoni. Mti ule unapitisha maji katikati ya matawi, lakini mtumbwi na mtu haviwezi kupita: ni kama chujio la chai. Na mkondo unakuelekeza palepale. Hicho ndicho kinachoua watu kwenye mito mipole.

Kwa hiyo kila kona mnaiingia mkiwa upande wa ndani, mnaanza kusogea mapema, kabla hamjaanza kuvutwa. Njia ya wazee isiyohitaji nguvu ni hii: elekezeni tezi kidogo kwenye ukingo wa ndani, kisha wote wawili mpige kafi kinyumenyume, polepole. Mtumbwi unapungua kasi na wakati huohuo mkondo unausogeza ndani. Vijana wanapenda kuipita kona kwa kukimbia. Kwenu nyinyi kupunguza mwendo ndiyo njia, kwa sababu inawapa muda wa kuona.

Kwenda moja kwa moja nako kuna ufundi: aliye tezi, mwisho wa kila pigo, ageuze kafi hadi kidole gumba cha mkono wa juu kitazame chini, asukume maji nje kidogo. Bila hivyo mtumbwi unageukia upande ule usio wa kafi lake, na atakuwa anabadilisha mikono kila mapigo matatu. Fanyeni mazoezi nusu siku kwenye ziwa la karibu kabla ya safari.

Mkigonga jiwe ubavu, wote egemeeni upande wa jiwe, kama mnalikumbatia. Mwili unataka kukimbia upande wa pili. Msiufuate. Ukingo unaotazama mkondo ukizama kidogo tu, maji yanajaa ndani kwa sekunde, na mtumbwi unajikunja kwenye jiwe.

Mkiwa tayari majini: jaketi okozi limevaliwa na kufungwa tangu ufukoni, si kukaliwa. Maji ya chemchemi ni kama nyuzi 14, pumzi inakatika kwa mshtuko, na bila jaketi dakika hiyo ya kwanza ndiyo mbaya. Kaa upande wa juu wa mtumbwi, yaani kule maji yanakotoka. Mtumbwi uliojaa maji una zaidi ya nusu tani, ukikubana kati yake na jiwe huna la kufanya. Lala chali, miguu mbele, vidole juu ya maji, elea hadi kwenye maji tulivu. Usijaribu kusimama maji yanayokimbia yakiwa juu ya goti, kwa sababu mguu ukinasa kati ya mawe mkondo unakulaza kifudifudi. Ukiona unapelekwa kwenye mti ulioanguka na huwezi kuukwepa, hapo tu ndipo unageuka: ogelea kwa nguvu kichwa mbele, ushike gogo, upande juu yake. Usipite chini.

Mizigo muifunge kwa kamba fupi ili isitambae. Kamba ya omo yenye mita 5 au 6 ikunjwe na kubanwa, isiachwe ikielea ndani ikawafunga miguu.

Ferouz_Arusha:

Samahani kuingilia wakubwa. Je, sisi ambao wazee wetu wamestaafu huku nyumbani, safari ya namna hii inawezekana Rufiji au Kilombero?

Pwani_hadi_Ozark:

Kwa mtumbwi wa kafi wa wazee wawili peke yao, hapana. Ufundi wote alioueleza Tezi_na_Omo unahusu maji na miti. Kwenye Rufiji kuna kiboko. Mchana anakaa kwenye kina, akishtuka anakimbilia kina hichohicho, na mtumbwi ukiwa katikati yake na maji marefu anaupitia. Ndiyo maana waongozaji wenye leseni kwenye Zambezi ya chini hupita kandokando kwenye maji mafupi na kugonga kingo za mtumbwi, ili viboko wasikie na waingie kwenye kina mapema. Hiyo ni kazi ya mtu aliyefunzwa. Na mamba ni sura nyingine. Hifadhi ya Nyerere iendeeni kwa boti ya injini na mwongozaji.

Ila kafi na hema wanaweza kuvipata kwingine. Ziwa Duluti hapo kwenu Arusha lina mitumbwi ya kukodi, ni la asubuhi moja. Na Bunyonyi, karibu na Kabale, Uganda, ndiyo safari hasa: ziwa la visiwa 29, halina viboko wala mamba, unapiga kafi kutoka kisiwa hadi kisiwa na kulala kwenye hema. Lipo kwenye mwinuko wa karibu mita 1,960, kwa hiyo bebeni sweta na blanketi nzito. Mitumbwi ya magogo ya pale ina sakafu ya duara, mgeni huzunguka papo hapo kama pia. Kodi ile ya bapa, au mchukue mwenyeji akae tezi. Alfajiri maji yametulia, na upepo ukianza mchana muwe mmefika.

Mzee Mstaafu_STL, kabla sijasahau, ufuko wa kulala. Chagueni ulioungana na nchi kavu, usiwe kisiwa, na nyuma yake kuwe na njia ya kupanda juu gizani kwa goti lako. Hema liwe angalau mita moja na nusu juu ya usawa wa maji. Mkifika, chomekeni kijiti palepale maji yanapoishia. Kila anayeamka usiku kujisaidia akimulike: kijiti kikiwa ndani ya maji, mnahama saa hiyohiyo, mizigo baadaye. Mvua inaweza kunyesha mbali juu ya mto nanyi mkiwa chini ya nyota. Dalili nyingine ni maji kugeuka kahawia na kubeba majani na vijiti. Mtumbwi uvutwe juu, upinduliwe, ufungwe kwenye mti ulio hai. Watu wengi hukumbuka hema na kusahau mtumbwi, wakaamka hawana usafiri.

Vigingi vya hema havishiki kwenye kokoto. Fungeni kamba ya hema kwenye kijiti cha urefu wa kiganja na nusu, mkilaze, mpange mawe mazito juu yake. Kwa kulala, vitanda vya kukunja vyenye urefu wa sentimita 40 hivi vinazidi uzito wa godoro la kupuliza kwa kilo chache, lakini kuinuka asubuhi ni tofauti ya mchana na usiku. Mtumbwi unabeba, si mgongo wenu.

Moto uwashwe kwenye kokoto tupu karibu na maji, kwa kuni zilizoletwa na mto na zilizolala chini. Msizungushie mawe yaliyotoka majini, yana maji ndani na yakipata moto yanapasuka vipande. Kuni za kutoka nyumbani msilete, zinahamisha wadudu wanaoua miti. Kupikia, jiko la gesi linatosha: chapati zilizopikwa nyumbani kwa siku mbili za kwanza, kisha ugali na maharage ya kopo. Boksi la chakula lifungwe mkanda usiku na kuwekwa chini ya mtumbwi uliopinduliwa, sufuria juu yake. Rakuni wana vidole vya kufungua kufuli za kawaida, na sufuria ikianguka mtaamka.

Muuguzi_KC:

Naongezea kwenye vitanda: mlango wa hema utazame mbali na mto, na tochi ya kichwani ining'inizwe mahali palepale kila usiku. Anayeamka saa tisa ya usiku akiwa na usingizi hutembea kuelekea upande ambao mlango unamwelekeza. Na khanga mbili za mama zisiachwe. Moja ya kubadilishia nguo ufukoni, moja ya kufunikia mfuko wa dawa kwenye mtumbwi, ilowekwe maji kila jua likikausha.

Mstaafu_STL:

Nimeandika yote. Tumekata shauri wiki ya tatu ya Septemba, kuingia Akers siku ya Jumanne. Tezi_na_Omo, hapo kwenye kidole gumba: ni gumba la mkono wa juu au wa chini?

Tezi_na_Omo:

La mkono wa juu, mzee, ule ulioshika kichwa cha kafi. Likitazama juu umefanya kinyume, kafi linakuwa breki. Mkono wa chini uachie kidogo ili mpini uzunguke ndani yake. Ukiukaza, kifundo kitakuuma kabla hamjafika Cave Spring.